Maswali ya Wasomaji: Madaraja ya Ligi za Kriketi na Nafasi ya Vijana

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinazunguka jambo moja, nalo ni namna ligi za kriketi za miji yetu zinavyopaswa kupangwa ili vijana wapate kukua ndani yake. Si ajabu kwamba jambo hili limepamba moto, kwa kuwa vijana wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la rika lao, lile la mwaka 2026 la Zimbabwe na Namibia, na kila mwenye klabu sasa anajiuliza vijana wa aina hiyo watachezea wapi wakishavuka umri. Tumechagua barua sita na kuzifupisha.

Ndugu Mhariri, ligi yetu ina madaraja mawili. Kamati imependekeza vijana wote walio chini ya miaka 19 watolewe katika timu za wakubwa na waundiwe daraja lao wenyewe, kwa hoja kwamba wakongwe wanawabania nafasi. Wengine tunaona hilo litaua daraja la pili. Unasemaje? – Katibu wa klabu, Mombasa

Ndugu Katibu, malalamiko ya kamati yana msingi, ila dawa waliyoichagua siikubali. Ni kweli kwamba katika ligi nyingi kijana huorodheshwa namba tisa katika kupiga, hupewa ova moja, yaani zamu ya kurusha mipira sita, mchezo ukiwa umekwisha, na jioni hutumwa kukusanya vifaa. Lakini ukimtoa kijana huyo ukampeleka mahali ambapo kila anayemkabili ni wa rika lake, utakuwa umempa nafasi ya kucheza huku ukimnyima mtu wa kumfundisha mchezo wenyewe.

Australia walilijaribu jambo hili katika ngazi ya juu kuliko yetu. Mwaka 2009 mashindano ya timu za pili za majimbo yalibadilishwa, yakapewa jina la Futures League, na ikaamriwa kwamba wachezaji wawe chini ya umri wa miaka 23 isipokuwa watatu tu katika kila timu. Nia ilikuwa njema. Lakini wachezaji wa miaka 26 au 28, waliokuwa wakibisha hodi katika timu za kwanza, walijikuta hawana pa kucheza, na vijana walioachiwa uwanja wakawa wanapata mikimbio (alama za wapigaji) na wiketi (kuwatoa wapigaji) kwa bei nafuu dhidi ya vijana wenzao. Baada ya Australia kufungwa na England nyumbani katika msimu wa 2010-11, kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Don Argus iliyatazama upya mashindano hayo pamoja na mengine, na masharti ya umri yakalegezwa.

Hata hivyo hawakukoma. Kuanzia msimu wa 2015-16 waliingiza timu nzima ya vijana, Cricket Australia XI, katika mashindano ya siku moja ya majimbo. Vijana hao, wenye vipaji visivyo na shaka, walishindwa mechi baada ya mechi, mara nyingine kwa aibu, na baada ya msimu wa 2017-18 timu ikaondolewa. Ninachokiona hapo ni kwamba timu isiyo na mtu mzima hata mmoja wa kuituliza haijifunzi mengi kutokana na kipigo.

Tazama mechi yoyote nzuri ya daraja la pili. Mrushaji wa miaka 17 amepigwa mipaka miwili mfululizo, yaani mipira iliyofika kwenye kamba ya ukingo wa uwanja, na anataka kurusha mpira mfupi kwa hasira. Mkongwe aliyesimama hatua chache upande wake wa kulia anamrudishia mpira polepole kwa makusudi, anamsogeza mchezaji mmoja kutoka pembeni aingie ndani, kisha anamwambia arudie mpira uleule wa ova iliyopita, lakini karibu zaidi na mguu wa mpigaji. Mafunzo hayo hayapatikani wavuni, wala kocha aliyeketi nje ya kamba hawezi kuyatoa kwa wakati.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba daraja la pili liachwe wazi kwa umri wowote, na kuwekwe kima cha chini cha vijana badala ya ukomo wa wakongwe: tuseme vijana wanne kati ya kumi na mmoja, na nafasi saba zilizobaki zigombewe kwa uwezo. Najua jibu la wajanja: watawaandika vijana wanne, kisha wawafiche. Hapo ndipo kanuni za pointi zinapofaa. Timu ipewe pointi ya ziada pale kijana anapopiga katika nafasi tano za mwanzo, na nyingine pale vijana wanapokuwa wamerusha angalau theluthi moja ya ova. Nahodha anayetaka ubingwa atalitekeleza hilo bila kuhubiriwa.

Daraja la vijana peke yao lianzishwe pia, lakini siku nyingine, kwa mfano Jumapili asubuhi au likizo za shule, liwe nyongeza ya mechi zao za Jumamosi. Huko Sydney, ambako ligi ya klabu za wilaya ilianza msimu wa 1893-94, ndivyo wanavyofanya: klabu huwa na timu tano za madaraja zisizobagua umri, na kando yake kuna mashindano ya vijana walio chini ya miaka 16, yaitwayo Green Shield, na ya walio chini ya 21, yaitwayo Poidevin-Gray Shield. Kijana wa miaka 15 anaweza kucheza na wenzake katikati ya wiki wakati wa likizo, na Jumamosi akapambana na mwenye familia katika daraja la nne. Kuna na jambo jingine huko ambalo ningependa kamati yenu ilichukue, nalo ni kwamba matokeo ya timu zote za klabu hujumlishwa kumpata bingwa wa jumla, ingawa timu ya kwanza huhesabiwa zaidi. Klabu yenye timu ya nne dhaifu huumia, na kwa sababu hiyo haiwezi kuitelekeza.

Kabla hamjapiga kura, fanyeni kazi moja ya mezani. Chukueni madaftari ya alama ya msimu uliopita, mtazame kila mchezaji aliye chini ya miaka 21, mhesabu mipira aliyoikabili na ova alizorusha. Mjadala wa kamati utabadilika hapo hapo, kwa kuwa mtu akisema vijana wanapata nafasi au hawapati, itabidi aseme ni mipira mingapi.

Ndugu Mhariri, mwanangu ana miaka 14 na hurusha mpira kwa kasi. Klabu yake imempandisha daraja la pili la wakubwa, na Jumamosi iliyopita alirusha ova kumi mfululizo juani, akarudi analalamika mgongo. Kocha anasema ndivyo nguvu zinavyojengwa. Je, ni kweli? – Mama mzazi, Upanga, Dar es Salaam

La hasha, Mama. Mifupa ya uti wa mgongo ya kijana wa umri huo haijakomaa, na urushaji wa kasi huikunja na kuizungusha sehemu ya chini ya mgongo kila mpira. Mzigo ukizidi, hutokea ufa mdogo katika mfupa, ambao mwanzoni hauonekani ila kwa maumivu, na unaweza kumweka mchezaji nje kwa miezi mingi. Ukiona maumivu ya mgongo kwa mrushaji wa umri huo yanarudi kila anaporusha, mpeleke kwa daktari na kumpumzisha kabisa kurusha mpaka apimwe. Asichuliwe na kurudishwa uwanjani.

Miongozo ya Bodi ya Kriketi ya England na Wales, ambayo imetumika kwa muda mrefu na kuigwa kwingi, huwapa warushaji wa kasi wa umri hadi miaka 13 ova tano kwa mkupuo (ova anazorusha mtu kabla ya kupumzishwa) na kumi kwa siku. Walio chini ya miaka 15 ova sita kwa mkupuo na 12 kwa siku. Na wa kuanzia hapo hadi 19 ova saba kwa mkupuo na 18 kwa siku. Kati ya mkupuo na mkupuo lazima apumzike. Mwanao, basi, alipewa ova nne zaidi ya mkupuo wake. Na hesabu hiyo inajumlisha mechi ya shule asubuhi na ya klabu mchana, jambo ambalo makocha hupenda kulisahau kwa kuwa kila mmoja huona ova zake tu.

Kupandishwa daraja lenyewe si kosa, kama uwezo anao. Kosa ni ligi kumruhusu mtoto kuingia uwanja wa wakubwa bila kanuni za kumlinda. Kila ligi inayochanganya umri iwe na sharti kwamba nahodha amkabidhi mwamuzi, kabla ya sarafu kurushwa, orodha ya wachezaji wake walio chini ya miaka 19 na ukomo wa ova wa kila mmoja, na mwamuzi awe na mamlaka ya kusimamisha mkupuo. Vilevile kofia ngumu iwe lazima kwa yeyote aliye chini ya miaka 18 anapopiga au anapodaka akiwa karibu na wiketi, yaani vile vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji, na watoto wa umri wa mwanao wasisimamishwe kabisa karibu na uso wa mpigaji. Mwombe kocha, kwa heshima, akuoneshe kanuni za ligi yake kuhusu hilo. Asipokuwa nazo, andika barua kwa chama, na uwashirikishe wazazi wengine.

Mhariri, nina miaka 41. Nimeichezea klabu yangu tangu nikiwa kijana, na mwaka huu nimeambiwa nishuke daraja la tatu ili kuwapisha vijana. Nimeona ni kudharauliwa, na ninafikiria kuacha. – Mchezaji mkongwe, Nairobi

Kaka, usiache bado. Aasif Karim wa Kenya, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na miaka 39 alipowarushia Australia mjini Durban katika Kombe la Dunia la 2003: ova nane na mipira miwili, sita kati ya ova hizo bila mkimbio hata mmoja, mikimbio saba kwa jumla, wiketi tatu. Frank Nsubuga wa Uganda alikuwa na miaka 43 katika Kombe la Dunia la T20 (mchezo wa ova 20 kwa kila upande) la 2024 alipotoa mikimbio minne tu katika ova zake nne na kuchukua wiketi mbili dhidi ya Papua New Guinea, siku Uganda iliposhinda mechi yake ya kwanza katika mashindano hayo. Kwa hiyo umri peke yake haukuondoi.

Lakini nikwambie na upande wa pili, maana hukuniandikia nikubembeleze. Kenya ilifika nusu fainali mwaka 2003, na kufikia mwaka 2014 ilikuwa imepoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Sababu ni nyingi, zikiwemo migogoro ya uongozi na ukata wa fedha, ila mojawapo ni kwamba kizazi kile kizuri hakikuwa kimeandaliwa warithi. Steve Tikolo, mpigaji bora ambaye nchi hiyo imewahi kuwa naye kwa maoni yangu, alikuwa bado kikosini katika Kombe la Dunia la 2011 akiwa na miaka 39. Hilo linamsifu yeye na kuisuta ligi iliyokuwa chini yake.

Kwa hiyo ukienda kwa viongozi wako, usiende kudai namba ya timu ya kwanza. Dai unahodha wa daraja la pili. Daraja la tatu, ambako kwa kawaida kuna wanaoanza na wanaocheza kwa kujifurahisha, halikufai wewe wala wao. La pili ndiko vijana walio karibu kupanda walipo, na ndiko mtu mwenye miaka yako ana kazi. Omba mamlaka kamili juu ya mpangilio wa kupiga na kurusha. Wakikukatalia hilo pia, basi klabu nyingine iliyo na vijana wengi na wakubwa wachache itakupokea kwa mikono miwili.

Shikamoo Mhariri. Nina miaka 17, ninacheza timu ya kwanza ya klabu yetu hapa Nairobi, lakini ligi ni ya T20 na ninapiga namba nane. Msimu mzima sijui kama nimekabili mipira mia moja. Rafiki zangu wananionea wivu kwa kuwa niko timu ya kwanza. Nibaki au nishuke? – Mpigaji kijana

Marahaba, mwanangu. Shuka, kama utapewa nafasi ya tatu au ya nne katika kupiga.

Hesabu ni nyepesi. T20 ina mipira 120 kwa kila upande, na wapigaji watatu wa kwanza wakitulia, wanaweza kuimaliza zaidi ya nusu. Namba nane huingia mipira sita imebaki, akaambiwa apige kwa nguvu, akatoka. Hujifunzi kuanza upya mpira ukiwa mpya, kumvumilia mrushaji mzuri mpaka achoke, wala kujenga mikimbio kwa mmoja mmoja wakati wenzako watatu wamekwisha kutoka. Katika mechi ya ova 40 au 50, na zaidi katika ile ya siku mbili, utayapata hayo hata kama uwanja ni wa mkeka uliotandikwa juu ya saruji na mrushaji ni mwalimu wako wa hesabu. Huko Sydney niliyokwisha kuitaja, baadhi ya mechi za madaraja huchezwa kwa Jumamosi mbili zinazofuatana, upande mmoja ukipiga wiki hii na mwingine wiki ijayo. Sisi hatuna viwanja vya kutosha kufanya hivyo msimu mzima, lakini ligi inayojitia kukuza wapigaji huku ikicheza T20 peke yake inajidanganya, na nimekuwa nikisema hivyo bila kusikilizwa.

Kanuni ninayoitamani katika ligi zetu ni ile inayomruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 21 kusogea kati ya timu mbili za klabu yake bila kufungiwa, hata baada ya kucheza mechi nyingi juu. Makatazo ya kushuka yalitungwa kuzuia klabu kuwashusha nyota siku ya fainali, na kwa watu wazima yabaki hivyo. Kwa kijana, anayehitaji mipira ya kukabili, yanamziba njia.

Zungumza na nahodha wako wewe mwenyewe, usimtume mzazi. Mwambie unataka kupiga namba tatu katika timu ya pili kwa nusu ya msimu, na kwamba utakuwa tayari kuitwa juu mtu akiumia.

Mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro, anauliza: watoto wake wa miaka tisa na kumi wanachezeshwa kwa vipimo vya wakubwa, mpira haumfikii mpigaji, na wengi wameanza kuchoka. Je, inaruhusiwa kufupisha uwanja?

Mwalimu, inaruhusiwa na inashauriwa. Njia ya wakubwa kati ya wiketi na wiketi ina urefu wa mita 20.12, na mtoto wa miaka tisa hawezi kuivuka kwa mpira ulionyooka bila kuharibu mtindo wake wa kurusha. Katika mpangilio wa Australia kwa watoto, hatua ya kwanza ni njia ya mita 16 yenye wachezaji saba kila upande, hatua ya pili mita 18 yenye wachezaji tisa, ndipo hufuata urefu kamili na wachezaji 11. Kila mtoto hupiga na kila mtoto hurusha. Pima mita 16 kwa kamba, tumia mpira laini, mrudishe kila mpigaji uwanjani hata akitolewa mpaka mipira yake iishe, na wewe mwenyewe ukae na daftari. Wakifika miaka 12 ndipo ufikirie ligi.

Mhariri, chama chetu kinataka kuzuia timu ya pili ya klabu kupanda daraja la kwanza, hata ikiwa bingwa, kwa kuwa klabu moja haiwezi kuwa na timu mbili katika daraja moja. Vijana wetu wameshinda daraja la pili mara mbili na wamekata tamaa. Pia tunao mabinti sita wanaofanya mazoezi nasi na hawana ligi. – Mwenyekiti wa klabu, Dar es Salaam

Mwenyekiti, katika la kwanza chama kina haki. Klabu yenye timu mbili katika daraja moja hujikuta siku moja ikicheza yenyewe kwa yenyewe huku ubingwa ukisubiri matokeo, na hapo hakuna atakayeamini alama zitakazoandikwa. Ila zuio hilo lazima liambatane na njia ya mchezaji mmoja mmoja kupanda. Kama vijana wameshinda daraja la pili mara mbili na timu yenu ya kwanza haijamwita hata mmoja, tatizo liko kwenye kamati yenu ya uteuzi kabla halijafika chamani. Waiteni watatu kwa ajili ya msimu ujao. Wengine wanaoona njia imeziba waruhusiwe kuhamia klabu ndogo za daraja la kwanza zisizo na watu wa kutosha, kwa mkopo wa msimu mmoja, na usajili wao ubaki kwenu. Klabu kubwa hulipinga jambo hili kila linapotajwa, kwa kuwa hupenda kuwa na wachezaji 40 wanaongoja kuliko 25 wanaocheza.

Kuhusu mabinti, sita hawatoshi timu, lakini wanatosha kuingizwa katika daraja la tatu kuanzia sasa, wawili wawili kwa timu, huku mkizungumza na klabu jirani kuhusu timu ya pamoja. Timu ya wasichana wa Rwanda walio chini ya miaka 19 iliwafunga Zimbabwe na West Indies katika Kombe la Dunia la Januari 2023, na katika mechi ya Zimbabwe Henriette Ishimwe alichukua wiketi nne kwa mipira minne mfululizo. Rwanda ilikuwa imefungua uwanja wake wa kriketi wa Gahanga mwaka 2017 tu. Waandikisheni mabinti hao chamani kabla ya dirisha la usajili kufungwa, kwa majina yao na si kama wageni wa mazoezi, ili ova zao na mikimbio yao viingie kwenye daftari kama vya mchezaji mwingine yeyote.